Mlolongo Uliwekwa na Nani?

Msikilizaji, leo tutazame nyuma kidogo. Mwaka 1986 mkutano wa wajumbe wa KANU, chama pekee nchini Kenya wakati huo, uliamua kwamba katika kura za mchujo mwananchi asitumbukize tena karatasi sandukuni, bali apange foleni nyuma ya mgombea wake. Aliyefikisha asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kupita bila kupingwa. Wananchi hawakuulizwa.

Viongozi wa makanisa walilalamika. Mchungaji apange mstari huu, na nusu ya waumini wake wako mstari ule, Jumapili watatazamana vipi? Hata hivyo mwaka 1988 mlolongo ukatumika. Malalamiko yalizagaa kwamba mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na hapo ndipo ulipo ubaya wenyewe: watu wakishatawanyika kwenda makwao, utahesabu nini tena? Kamati ya Saitoti ilipozunguka nchini mwaka 1990 watu walisema yaliyowakaa moyoni, na Desemba chama kikaufuta. Chama kiliweka, chama kikaondoa.

Katiba ya 2010, iliyopitishwa kwa kura ya maoni Agosti 4, imeiweka kura ya siri ndani ya haki za msingi, na kuzigusa hizo ni lazima wananchi waulizwe. Lakini sharti la rais kupata zaidi ya nusu ya kura halikutajwa katika orodha hiyo. Theluthi mbili ya Bunge na ya Seneti wakikubaliana, kura ya maoni ya nini? Mimi naona mlango huo umeachwa wazi mno.