Biodizeli ya mabaki ya matunda

Biodizeli ya mabaki ya matunda ni nishati ya injini za dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya matunda yasiyouzika. Wilayani Rungwe, Mkoa wa Mbeya, tunda linalofaa zaidi kwa kazi hii ni parachichi, linalolimwa na wakulima wadogo kuzunguka mji wa Tukuyu. Parachichi za aina ya Hass huuzwa nje ya nchi, na zilizo ndogo mno au zilizochubuka hutengwa wakati wa kupanga madaraja.

Nyama ya parachichi la Hass lililokomaa huwa na mafuta asilimia 15 au zaidi. Kokwa ina kidogo sana, na ndizi haina ya kukamua. Kikwazo kikubwa ni maji, ambayo ni karibu asilimia 70 ya nyama hiyo. Kwingine nyama huanikwa juani, lakini Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kuikausha kwa kuni nyingi ni kuteketeza nishati ili kupata nishati, hivyo ukaushaji ndio unaoamua kama kazi nzima ina faida.

Mafuta yakishakamuliwa kutoka nyama iliyokauka, kuchujwa na kuchemshwa hadi maji yaishe, huachwa yapoe hadi nyuzi 60 hivi. Kisha hutiwa methanoli iliyoyeyushiwa kostiki soda, takriban kilo 20 za methanoli kwa kilo 100 za mafuta, na kukorogwa kwa saa moja. Yakitulia, gliserini nzito ya kahawia hutuama chini na biodizeli ya manjano huelea juu. Biodizeli hiyo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa. Tunda lililooza huharibu kazi: asidi zake zikikutana na soda huwa sabuni, na tabaka hazitengani. Methanoli yenyewe ni sumu inayoweza kupofusha, na mvuke wake hushika moto upesi.

Injini ya dizeli inaweza kutumia hata mafuta yasiyogeuzwa kuwa biodizeli: iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, na mkoani Arusha mashine za kijijini zimewahi kutumia mafuta ya mbono kaburi. Hata hivyo mafuta ghafi ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli, nayo huziba nozeli kwa masizi.

Maganda, kokwa na migomba hufaa zaidi kwa biogesi. Kiwanda cha Olivado huko Murang'a, Kenya, huzalisha biogesi kwa mabaki ya parachichi. Kwenye injini ya dizeli gesi hiyo huingia pamoja na hewa, lakini haijiwashi kwa mgandamizo, hivyo dizeli kidogo bado huhitajika kuiwasha. Kabla ya hapo hupitishwa kwenye vumbi la chuma lenye kutu ili kuondoa salfa inayokula vyuma vya injini.