Adhabu ya kifo: Torati inadai mashahidi wangapi?

Tarehe 13 Machi 2024 Wizara ya Sheria ya nchi yetu ilitangaza kwamba adhabu ya kifo itatekelezwa tena. Tangu mwaka 2003 utekelezaji ulikuwa umesimamishwa: korti ziliendelea kutamka hukumu hiyo, lakini waliohukumiwa walibaki gerezani. Waliolengwa sasa ni wasaliti ndani ya jeshi na majambazi wa mijini wanaoua watu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, korti ya kijeshi mjini Goma iliwahukumu kifo wanajeshi wanane, maofisa wakiwa kati yao, kwa kosa la kumkimbia adui.

Wanaotetea adhabu hii tusiwadharau. Hapa mashariki, nani asiyejua kijiji kilichoachwa usiku bila mlinzi? Wanasema mtu aliyeuza kituo amewaua waliolala nyuma yake. Wanafungua Mwanzo 9:6, ambapo mwuaji anadaiwa damu kwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Warumi 13:4, juu ya upanga wa mtawala. Hoja hii ni nzito, na kusema tu kwamba Mungu ni upendo hakuijibu.

Lakini Mungu yule yule alimwekea Kaini alama ili asiuawe. Na Torati yenyewe, iliyoamuru kifo kwa makosa mengi, ilikataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Tena mashahidi wenyewe walipaswa kutupa jiwe la kwanza (Kumbukumbu la Torati 17:6-7). Kwetu shida iko hapo. Tangu utawala wa kijeshi uwekwe Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa Mei 2021, hata raia walipelekwa mbele ya korti za kijeshi. Mshitakiwa hana pesa za wakili, ushahidi umeokotwa katikati ya vita. Kosa likigunduliwa, mlango wa gereza hufunguliwa, kaburi je?

Katiba ya 2006 nayo inasema katika kifungu cha 16 kwamba mtu ni mtakatifu, na kifungu cha 61 hakiruhusu haki ya kuishi iguswe hata wakati wa hatari. Rwanda iliifuta adhabu hii mwaka 2007, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na Burundi mwaka 2009. (Tunataja sheria zao, si siasa zao.)

Wajane na mayatima wana haki ya kujua nani alitoa amri, nani alilipwa. Aliyepigwa risasi hawezi tena kuitwa kuwajibu.