Lugha Kabla ya Darasa: Historia ya Kuwafundisha Watoto Wenye Mahitaji Maalumu Bukoba na Muleba

Historia ya elimu maalumu, yaani mafunzo yanayopangwa kwa ajili ya watoto wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wengine ambao ufundishaji wa kawaida hauwafikii, mara nyingi huandikwa kwa kufuata miaka ya kufunguliwa kwa shule. Kwa Bukoba na Muleba, kando ya Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Kagera, swali la lugha ndilo linaloifafanua historia hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa mtoto wa huko kwa kawaida huanza maisha katika Kihaya, hukutana na Kiswahili darasani, na akiwa kiziwi anaweza kufikia umri wa kuanza shule bila kuimiliki lugha yoyote kati ya hizo. Shule zilifanya kazi kubwa, lakini zilimpokea mtoto huyo akiwa amekwisha kuchelewa.

Kabla ya kuja kwa shule, mtoto wa Kihaya alifunzwa lugha na jamaa zake kwa ngano, vitendawili na methali. Peter Seitel, aliyechapisha kitabu juu ya ngano za Wahaya mwaka 1980, alionyesha kwamba usimulizi huo ulitegemea uitikiaji wa wasikilizaji, na M. M. Mulokozi alizitafiti kwa kina tendi zinazoimbwa kwa enanga, kinanda cha nyuzi kinachochongwa kwa mti. Aidha, Kihaya ni lugha ya toni, maana yake ni kwamba kupanda na kushuka kwa sauti huweza kutofautisha maana ya maneno. Urithi huo wote ulipita sikioni. Mtoto asiyeona aliweza kuupokea akiwa ameketi pamoja na wenzake, ilhali mtoto kiziwi alibaki na alama za nyumbani, yaani ishara chache ambazo familia hujitungia kwa mahitaji ya kila siku, zinazotosha kuomba chakula lakini hazitoshi kusimulia habari ya jana wala kuuliza sababu ya jambo.

Elimu ya misheni haikulibadili hilo kwa haraka. Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892 na wamisionari wa Kilutheri wa Betheli wakaingia Bukoba mwaka 1910, na katika shule zao za mwanzo kusoma kulifungamana na katekisimu, nyimbo na kukariri kwa pamoja, mbinu zilizomhitaji mwanafunzi anayesikia sauti na kuona ubao. Hatua za kwanza za elimu maalumu nchini zilichukuliwa mbali na Kagera: Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Kwa familia ya Bukoba, njia ya kawaida ya kwenda Tabora ilikuwa kuvuka ziwa kwa meli hadi Mwanza na kuendelea kwa treni, safari ambayo haikuwa rahisi kwa mtoto mdogo.

Mugeza, Bukoba, ndiko elimu hiyo ilikopata makao yake katika eneo hili, kupitia Shule ya Msingi Mugeza Mseto, inayowachanganya wanafunzi wenye ulemavu na wasio nao, na shule ya viziwi iliyopo hapo hapo Mugeza. Mtoto asiyeona hufundishwa nukta nundu, maandishi ya vidole yanayounda kila herufi kwa mpangilio wa nukta zinazochaguliwa kati ya sita, na Kiswahili humsaidia kwa sababu huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Hata hivyo, kazi huanza kabla ya herufi, kwa kuvizoeza vidole kutofautisha maumbo madogo, na anayeandika kwa kibao na kidungio hulazimika kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kuigeuza karatasi ili asome kutoka kushoto kwenda kulia.

Kwa viziwi, tatizo lilikuwa zito zaidi. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 uliamua kwamba wafundishwe kutamka na kusoma midomo badala ya kutumia alama, na mwelekeo huo ukazifikia shule nyingi duniani, zikiwemo za Tanzania. Watoto walijiundia alama zao mabwenini, na kwa kuwa shule zilikuwa mbali mbali, kila moja ilikuza alama tofauti, jambo lililokifanya Chama cha Viziwi Tanzania kutetea lugha ya alama iliyo moja. Ugumu wa Kiswahili cha kusoma nao haukuwa mdogo, kwa maana neno kama “hawatatupikia” hubeba ukanushi, watenda, wakati ujao na watendewa kwa pamoja, na mtoto asiye na lugha ya kwanza hana pa kuziegemeza dhana hizo.

Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia takriban mwaka 2007 yaliipa Mugeza Mseto jukumu jingine, la kuwa makimbilio. Watoto wengi wenye ualbino wana uono hafifu, hivyo huhitaji maandishi makubwa na kukaa karibu na ubao, lakini waliohamishwa wakiwa wadogo walipoteza pia mazungumzo ya kila siku na mama zao, ambayo ndiyo mwalimu wa kwanza wa lugha.

Muleba inaikumbusha historia hii kwamba shule ya bweni haiwezi kuwa jibu pekee. Wilaya hiyo ina visiwa kama Bumbire na Ikuza, na imewahi kukumbwa na milipuko mikali ya malaria, ugonjwa ambao, kwa mujibu wa tafiti zilizofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, ukifikia ubongo unaweza kumwachia mtoto aliyepona udhaifu wa lugha. Mtoto wa namna hiyo huonekana mzima, na kasoro yake huweza kudhaniwa kuwa uvivu, hivyo hakuna anayefikiria kumpeleka shule ya bweni.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiweka elimu ya awali katika mfumo rasmi, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikathibitisha haki ya kusoma, na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Kinachobaki ni kuitanguliza lugha kabla ya darasa: kliniki anakopimwa uzito mtoto impime pia usikivu, wazazi wafundishwe lugha ya alama pamoja na mtoto wao, na mwalimu wa awali akubali Kihaya kiwe daraja la kufikia Kiswahili. Haki ya kusoma iliyoandikwa mwaka 2010 haitakamilika kwa mtoto wa Bumbire mpaka apate kwanza lugha ya kusomea, naye huipata katika miaka ambayo bado yuko mikononi mwa wazazi wake.