Ngazi za elimu nchini na mtihani unaousubiri Mkoa wa Singida

MKOA wa Singida, ulio katikati ya nchi na wenye mvua chache, ulikuwa na wakazi 1,370,637 wakati wa Sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058. Ongezeko hilo la zaidi ya watu 630,000 limekuja wakati taifa linabadili muundo wa elimu uliodumu kwa miongo kadhaa, na shule za mkoa huo hazina budi kuibeba mizigo yote miwili kwa pamoja.

Muundo huo ni wa miaka saba ya elimu ya msingi, minne ya sekondari ya kawaida, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha mitatu au zaidi ya chuo kikuu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima.

Usimamizi wake umegawanyika. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutunga sera, Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa mitaala, na Baraza la Mitihani la Tanzania hutahini. Shule za serikali zenyewe huendeshwa na halmashauri chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Hivyo, upungufu wa madawati Iramba au Manyoni ni suala la halmashauri kwanza, ingawa mtaala unaofundishwa humo umeandaliwa kwa nchi nzima.

Mitihani ndiyo chujio la mfumo huo. Mwanafunzi hupimwa kitaifa akiwa darasa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita. Kuingia kidato cha tano humtaka awe na ufaulu wa kiwango cha A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu.

Kikwazo cha ada kimeondolewa hatua kwa hatua. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Aidha, Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurejea katika shule za serikali.

Hata hivyo, kufutwa kwa ada hakukumaliza gharama. Sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki mikononi mwa wazazi. Singida hutegemea msimu mmoja wa mvua kwa alizeti, mtama na uwele. Mvua zikikatika mapema, mchango wa chakula cha shule huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuyumba, na mtoto aliyetembea umbali mrefu asubuhi husoma akiwa na njaa. Wengine hukosa masomo kwa sababu ya kuchunga mifugo. Kwa jamii ya Wahadzabe wa Wilaya ya Mkalama, ambao kwa asili huishi kwa uwindaji na kukusanya matunda, mizizi na asali, ratiba ya shule hugongana na maisha ya kuhamahama.

Kikwazo kingine ni lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini kuanzia kidato cha kwanza masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kijijini, ambaye huenda alianza shule akizungumza Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, hulazimika kujifunza fizikia na historia kwa lugha ambayo haisikii nje ya darasa. Anapofeli, si rahisi kujua kama ameshindwa somo au ameshindwa lugha.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Februari 2025, inaweka miaka kumi ya elimu ya lazima: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, ikiwa na mkondo wa amali unaompa mwanafunzi ujuzi wa kazi.

Mtihani mkubwa utakuja mwaka 2028. Kwa mpangilio wa mabadiliko hayo, walioanza darasa la kwanza mwaka 2021 watamaliza darasa la saba mwaka 2027, mwaka huohuo ambao walioanza mwaka 2022 watamaliza darasa la sita. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

Kwa Singida, hilo ni suala la vyumba vya madarasa, maabara, nyumba za walimu vijijini na walimu wa hisabati na sayansi. Bila hivyo, miaka kumi ya lazima itabaki katika maandishi ya sera, huku mtoto akihesabiwa kuwa yuko shuleni ilhali hajifunzi.