Brauza Iliyotufungulia Intaneti Si Ile Mnayosimuliwa

Ukitafuta historia ya brauza, stori ni ile ile. Tim Berners-Lee aliandika ya kwanza kule CERN mwaka 1990. Mosaic ikatoka 1993, ikaweka picha na maandishi kwa ukurasa mmoja. Netscape ikaja 1994, ikatawala. 1995 Microsoft ikajibu na Internet Explorer, ikaitoa bure na baadaye kuifunganisha na Windows, Netscape ikaishiwa pumzi.

Stori tamu. Lakini wasee, sisi wa Taita Taveta tulikuwa wapi?

Tulikuwa tunangoja. Kabla ya 2009, Kenya haikuwa na kebo hata moja ya faiba baharini. Intaneti ilitegemea setilaiti: polepole, na bei yake si ya mchezo. TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa mwaka huo. Lakini kama uko Kasigau na huna kompyuta, vita vya Netscape na Microsoft vinakuhusu nini?

Iliyotufikia sisi ni Opera Mini. Ilitoka Norway, ikaachiliwa dunia nzima Januari 2006. Ujanja wake ulikuwa huu: simu haifungui ukurasa yenyewe. Inatuma ombi kwa seva ya Opera, seva inaufungua, inaubana, uzito unaweza kupungua hadi 90%, halafu ndio unaletewa. Ghafla kabambe yenye Java ikafanya kazi ya kompyuta, na bando ndogo ikafika jioni.

Sasa shida iko hapa. Seva ikikufungulia ukurasa, inauona pia. Hata kurasa zenye kufuli, zile za nywila na barua pepe, zilifunguliwa kwa seva kwanza, ndio zikafungwa tena kuja kwako. Opera hawakuficha, waliandika wazi kwamba anayetaka usiri kamili atumie brauza nzima. Lakini mtu anayehesabu salio atasoma hayo saa ngapi? Mwenye pesa alinunua data na siri yake ikabaki kwake. Sisi tuliokoa shilingi, tukaamini mtu tusiyemjua.

Sisemi tulidanganywa. Bila Opera Mini wengi wetu tungechelewa miaka. Ninachosema ni kwamba hiyo bei ilikuwepo, na haijaisha. Ingia kwa mipangilio ya brauza yako leo, uone kama ile ya kuokoa data imewashwa, na inaokoa kivipi. Kisha uamue kama utafungulia akaunti yako ya benki hapo.