Kusubu Bati kwa Kalibu

Watu wengi hapa Kibamba wasikiapo neno bati hufikiri paa la nyumba tu. Kumbe lile la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni madini meupe, laini, yachimbwayo Kyerwa katika nchi ya Karagwe, nayo huyeyuka kwa digrii 232, yaani moto wa jiko la makaa.

Kusubu si ufundi mgeni pwani. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata simba mdogo wa shaba, wa yapata mwaka 1100. Tena siwa ya shaba ya Lamu ilisubiwa kwa nta: fundi hufanyiza umbo la nta, hulifunika kwa udongo, huitoa nta kwa moto, kisha humimina madini mahali pake.

Sisi nasi tulijaribu kusubu pete za bati kwa njia hiyo. Kalibu ya kwanza ilipasuka, kwa kuwa udongo ulikuwa na unyevu. Maji yakawa mvuke, yakayarusha madini nje. Ya pili tuliikausha juani siku tatu, kisha motoni, ikafaa.

Hivyo ndivyo walivyoona wanachuo wa Columbia, Marekani, walioanza mwaka 2014 kurudia kwa mikono maagizo ya fundi mmoja wa Ufaransa wa karne ya 16: mengi ayajuayo fundi hayaandikiki.

Basi yatupasa kuwaendea mafundi wazee wangali hai. Tukiyahifadhi maneno kalibu na kusubu pasipo kazi yenyewe, tutakuwa tumeweka ganda, kiini kimepotea.