Risasi ya Kumwangusha Ndovu: Mjadala Uliodumu Nairobi kwa Karibu Miaka 80

Katika vibanda vya Soko la Toi, kati ya marundo ya mitumba yanayowavuta wanunuzi kutoka Kibera hadi Kawangware, mara kwa mara hujitokeza koti la kaki la kuwindia. Likitundikwa, kinachoonekana kwanza ni safu ya vitanzi vilivyoshonwa kifuani, kila kimoja kikitosha kidole gumba cha mtu mzima. Wengi huvichukulia kuwa urembo. Vitanzi hivyo vilishonwa vibebe risasi, na upana wake unaonyesha aina ya risasi iliyokusudiwa: si ya polisi wala ya mwanajeshi, bali ile nene ya kuwindia nyati, kifaru na ndovu.

Mavazi ya namna hiyo yalipata sifa duniani kwa sababu ya safari zilizoanzia Nairobi. Humu mjini ndimo wawindaji, mafundi wa bunduki na maafisa wa serikali walimobishana, tangu reli ilipojengwa hadi mwaka 1977, kuhusu risasi inayomfaa mnyama mkubwa. Mjadala huo uligusa sheria, biashara, siasa za himaya na uhai wa wanyama wetu. Unastahili kusimuliwa hapa Toi, kwa kuwa ardhi hii ilianza kuwa makazi kwa sababu ya watu wa bunduki.

Wanubi, wenyeji wa kwanza wa vijiji vya Kibera kama Makina na Toi, ni wazao wa askari wa Sudan waliomtumikia gavana Emin Pasha, kisha wakaandikishwa na Mwingereza Frederick Lugard mwaka 1891. Wengi wao waliingia katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902. Serikali ya kikoloni iliwaruhusu kukaa Kibera tangu mwaka 1904, na mwaka 1918 ikaitangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi, yapata ekari 4,000. Hatimiliki waliyokabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288 tu.

Risasi ya askari wa himaya enzi hizo ilikuwa .303, yaani kipenyo cha milimita 7.7. Uingereza iliianzisha mwaka 1888, na miaka michache baadaye ikaanza kuijaza kodaiti, baruti yenye moshi mdogo na nguvu nyingi. Kabla yake kulikuwa na Martini-Henry ya mwaka 1871, iliyorusha kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 31 kwa mwendo wa meta 410 hivi kwa sekunde, na kumwacha mpigaji ndani ya wingu la moshi. Kichwa cha .303 kilikuwa na gramu 14 tu, lakini kilipita meta 600 kwa sekunde. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa: je, mnyama huangushwa na uzito wa risasi au na mwendo wake?

Tsavo ilitoa jibu la mapema. Mwaka 1898 simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli kwa miezi kadhaa, hadi Luteni Kanali John Henry Patterson alipowamaliza mwezi Desemba. Silaha yake kubwa katika msako huo ilikuwa .303 ya kawaida. Bunduki nzito zaidi aliyoazima ilishindwa kufyatuka wakati simba yuko mbele yake. Hata hivyo simba hao hawakufa kwa risasi moja. Walijeruhiwa, wakatoroka, wakafuatwa. Wawindaji waliosoma kisa hicho waligawanyika. Kuna walioona kwamba bunduki ndogo inatosha, na kuna walioapa kutokanyaga porini bila kubwa.

Mtetezi mkuu wa risasi ndogo alikuwa Mskochi Walter Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa miaka aliyowinda Karamoja, Uganda. Alifika Afrika Mashariki akiwa kijana wa umri usiofika miaka 20, akaajiriwa kulinda wajenzi wa reli dhidi ya simba. Baadaye aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa Mauser ya milimita 7, risasi ambayo kampuni ya Rigby iliiuza kwa jina la .275. Kichwa chake cha gramu 11 kinaonekana kitoto mbele ya mnyama wa tani tano.

Siri ya Bell ilikuwa maarifa. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo ulipokaa, akajifunza njia ya kuufikia kutoka mbele, ubavuni na hata kisogoni. Alitumia risasi iliyofunikwa chuma nje nzima, isiyopanuka inapogonga mfupa. Kwa kuwa ilikuwa nyembamba na ndefu, ilipenya moja kwa moja bila kupinda. Bunduki yenyewe ilikuwa nyepesi na haikumpiga begani, basi mkono wake ulitulia.

Lakini Bell aliwinda penye nafasi, na shabaha yake ilikuwa ya watu wachache mno. Katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, nyati hutokea hatua kumi mbele yako, na hakuna muda wa kutafuta ubongo. Hapo ndipo bunduki za mitutu miwili zilipopendwa. Mwindaji alikuwa na risasi mbili papo hapo, bila kuvuta komeo. John Rigby alitoa .450 mwaka 1898. Kisha siasa ikaingilia. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku risasi za kipenyo hicho India na Sudan, kwa hofu kwamba waasi waliokuwa na bunduki kuukuu za Martini wangezipata na kuzitumia. Watengenezaji wakageukia vipenyo jirani, na .470 ikawa kipenzi cha wawindaji wa Kenya. Kichwa chake kina gramu 32, mwendo wake ni meta 650 hivi kwa sekunde, na nguvu yake inakaribia joule 7,000, zaidi ya mara mbili ya ile ya Bell.

Jua nalo lilikuwa na usemi. Kodaiti hubadilika kwa joto: risasi iliyokaa juani ilisukuma kwa nguvu kuliko ilivyopimwa kiwandani Uingereza, na ganda lake lingeweza kuvimba na kunasa ndani ya bunduki. Mtu aliyekabiliwa na kifaru huku ganda limenasa hakuwa na silaha tena. Ndiyo maana risasi za Afrika zilitengenezwa na maganda makubwa kupita kiasi, ili baruti ipate nafasi na msukumo ubaki chini. Mtu akiiweka .416 Rigby ya mwaka 1911 kando ya risasi ya jeshi, ukubwa wa ganda lake huonekana kama ufujaji wa shaba. Kwa hakika ilikuwa akiba ya usalama.

Mwaka uliofuata, 1912, Holland & Holland walitoa .375 Magnum, na hii ndiyo iliyokaribia kumaliza ubishi. Kichwa chake cha gramu 19 kilikwenda meta 760 kwa sekunde, kwa nguvu ya joule 5,700 hivi. Ilimtosha ndovu mikononi mwa mtu mtulivu, na bado ilifika mbali vya kutosha kumpata pofu au kongoni uwandani. Bunduki moja ilifanya kazi ya mbili, jambo kubwa kwa msafiri ambaye kila mzigo wake ulibebwa kichwani na mpagazi.

Suala la umbali lilijitokeza wazi katika nyanda za Athi na Kapiti. Theodore Roosevelt, aliyetoka tu madarakani Marekani, alitua Mombasa mwezi Aprili 1909. Alikuja na Springfield ya jeshi la nchi yake ya .30, Winchester ya .405 aliyoisifu sana kwa simba, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland. Kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi ndiyo iliyopanga msafara. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Roosevelt aliandika bila kificho kwamba katika nyanda hizo alipoteza risasi nyingi kwa kulenga wanyama walio mbali.

Sababu zake zinaeleweka. Risasi ya .375 iliyorekebishwa ipige sawasawa kwenye meta 100 huwa imeshuka kama nusu meta ifikapo meta 300, na .470 hushuka zaidi ya hapo. Mchana mazigazi humfanya mnyama aonekane anaelea, na upepo wa uwandani huisukuma risasi kando. Isitoshe, hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa meta 1,700, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo risasi hupunguzwa mwendo kidogo tu na kupiga juu zaidi kwa umbali mrefu. Aliyerekebisha bunduki yake pwani alipaswa kuijaribu upya akifika bara. Risasi nyembamba na za kasi ndizo zilizoshinda katika umbali huo, lakini hakuna kasi iliyoweza kumzuia mnyama kupiga hatua moja wakati risasi iko hewani. Hatua hiyo ndiyo iliyoigeuza shabaha ya moyo kuwa jeraha la tumbo.

Mwaka 1934 wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao katika Hoteli ya Norfolk. Wito wake ulikuwa kutokuwa na woga wala papara. Kanuni zikaimarika, na .375 ikawa kipimo cha chini kabisa kwa wanyama hatari. Kipimo hicho kilimlenga mtalii tajiri mwenye shabaha ya wastani, ambaye akimjeruhi nyati, wengine ndio wangelazimika kuingia kichakani kumfuata. Mwaka 1949 kijana Harry Selby, baada ya bunduki yake ya mitutu miwili kukanyagwa na gari, alinunua .416 Rigby katika duka moja la Nairobi. Mwandishi Robert Ruark wa Marekani alipowinda naye na kuandika habari zake, risasi iliyokuwa inaelekea kusahaulika ikapata umaarufu ambao haujafifia.

Katika simulizi hizi zote, majina yanayohifadhiwa ni ya kampuni na ya Wazungu. Aliyesoma nyayo, aliyenusa upepo, aliyebeba bunduki ya pili na kuikabidhi bila kutetemeka mnyama anapokuja mbio, alikuwa Mkamba, Mndorobo, Mnandi au Mnubi, na kwa kawaida hakuruhusiwa kumiliki silaha aliyoibeba. Waata wa Tsavo hawakuhitaji risasi yoyote. Pinde zao zilidai nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvutwa, na mishale yao ilipakwa sumu ya mti inayosimamisha moyo. Walimkaribia ndovu hatua chache tu, kwa ujuzi ambao Bell angeuheshimu. Serikali iliwaita majangili, na operesheni za miaka ya 1950 zikawajaza jela. Miaka michache kabla yake, huko Makueni, serikali hiyo hiyo ilikuwa imemwajiri J. A. Hunter, aliyeua karibu vifaru 1,000 kati ya 1944 na 1946 ili kufungua mashamba. Kilichomtenganisha mwindaji na jangili kilikuwa leseni, wala si idadi ya mizoga.

Kisha ikaja bunduki iliyouvunja mjadala wote. AK-47 hurusha kichwa cha gramu 8 kwa nguvu ya joule 2,000 hivi, chini ya nusu ya .375 ambayo sheria iliitaka. Kwa bunduki hizo na nyingine za kijeshi, majangili walimimina risasi katika kundi zima. Kenya iliyokadiriwa kuwa na ndovu 167,000 mwaka 1973 ilibaki na 16,000 hivi kufikia 1989. Uwindaji wa ndovu ulifungwa mwaka 1973, na Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote wa kitalii. Chama cha wawindaji kikavunjwa. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na dunia nzima ikatazama.

Kwa jirani zetu Tanzania, ambako uwindaji ulisimamishwa mwaka 1973 na kurejeshwa 1978, swali la risasi bado ni la kazi ya kila msimu, na .375 ingali ndiyo kiwango cha chini kwa nyati na ndovu. Duniani kuna risasi mpya za masafa marefu, zenye vichwa vilivyochongoka, pamoja na darubini zinazopima umbali kwa mwanga, na wapo wanaojisifu kumpiga mnyama aliye zaidi ya meta 800. Kwenye ubao wa shabaha, hiyo ni sanaa halali na ya kupendeza. Kwa mnyama aliye hai, historia ya nyanda za Athi inapinga, maana hatua moja anayopiga mnyama risasi ikiwa hewani bado haijapata fundi wa kuizuia.

Karibu miaka 80 ya ubishi wa Nairobi imetuachia kanuni zinazosimama hadi leo. Risasi ichaguliwe kwa kumwangalia mnyama, pori na umbali. Iwe na uzito wa kupenya hadi kwenye uhai wake. Iwe ile ambayo bega la mpigaji linaimudu. Na atakayeifyatua awe tayari kumfuata aliyemjeruhi hadi mwisho. Bell aliyajua hayo kwa msumeno na fuvu. Waata waliyajua vizazi vingi kabla yake, na wapagazi na wabeba bunduki waliyajua kila siku ya kazi. Makumbusho yetu na vitabu vya shule vina deni la kuandika ujuzi wa watu hao kwa heshima ile ile iliyopewa .416 na .470, na mahali pazuri pa kuanzia ni kwa wazee wa Kibera, ambao babu zao walilipwa ardhi kwa sababu ya bunduki.